Stoo Isiyo na Ngano

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimetoa ngano yote kwenye stoo. Mifuko minne na nusu, na ile nusu nimeifuata mpaka kwenye pembe kwa ufagio. Nimewagawia majirani, na kwa kuwa ni Ramadhani hakuna aliyeuliza mara mbili. Unga wa bure katika mwezi wa chapati haukataliwi. Mama mkwe wangu, Bi Asha, alisimama mlangoni muda wote mikono nyuma.

"Mwokaji bila ngano ni kitu gani, Nuriat?" akauliza.

Nikamwambia nitamjibu masika yakiisha.

Niandike sababu, nisije nikajidanganya baadaye. Miaka miwili tumbo limenitesa: kuhara, kuvimba, damu kupungua, vidonda mdomoni, nguo zote kunipwaya. Nimekunywa dawa za minyoo, za vidonda vya tumbo, na za mganga mmoja ambaye Haruni mpaka leo hajui. Januari, hospitali huko Mwanza, ndipo ugonjwa ukapewa jina: siliaki. Mwanangu Twaibu anayesoma chuo Dodoma akanieleza kwenye simu. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinaitwa gluteni, na utumbo wangu ukikutana nacho unajiumiza wenyewe. Dawa hakuna. Ni kuacha maisha yote, hata chembe.

Angekuwa mwalimu au karani angeacha chapati, yakaisha. Mimi nimeoka mikate hapa Bilele miaka kumi na sita.

Jana Haruni na mama yake waliniita sebuleni. Walikwishaamua. Kazi ya mikate ifungwe, na tanuri lichukuliwe na wifi yangu Salma, ahamie kutoka Kishanda. Haruni alisema kwa upole, maana mume wangu ni fundi cherehani na hata maneno huyapima kwanza: "Mama Twaibu, afya kwanza." Nikasema sawa, afya kwanza, lakini kazi iwe ya pili, isiwe ya kumi. Tukabishana mpaka futari ikapoa. Mwisho tukapatana hivi: tarehe 25 Mei narudi Mwanza kupimwa damu. Kipimo kikiwa kimeshuka, tanuri linabaki langu na nitaoka kwa unga nitakaoutafuta mwenyewe. Kisiposhuka, ufunguo nitampa Salma kwa mkono wangu. Nimeapa mbele yao. Bi Asha alitabasamu, na simpendi akitabasamu vile.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Nimesugua mabati ya kuokea kwa majivu na maji ya moto, mara tatu kila moja. Miiko ya mbao nimeitupa yote. Bi Asha ameuokota mmoja jalalani.

Jumatatu, 9 Machi

Stoo tupu inatisha. Nimekwenda soko kuu na karatasi yangu: mchele, muhogo mkavu, wanga wa muhogo, karanga, njugu mawe, sukari guru, hamira. Nimenunua ndoo kumi mpya zenye vifuniko, maana sitaki chombo kilichowahi kunusa ngano. Muuzaji akaniuliza kama nafungua duka. Nikamwambia nafungua vita. Akacheka, akaniongezea kiganja cha karanga.

Muhogo na mchele nimevitwanga mwenyewe kwenye kinu kipya. Mikono imechubuka, lakini imechubuka kwa kazi yangu.

Jumamosi, 14 Machi

Mkate wa kwanza. Muhogo na mchele, hamira, mayai mawili. Ulitoka ukiwa mweupe na mgumu, ukapasuka katikati. Haruni alijaribu kuukata, akaomba msumeno. Bi Asha hakuugusa.

"Huo si mkate. Huo ni ugali uliochelewa kuliwa."

Nitaula wote peke yangu, siku mbili, mbele yake.

Jumapili, 22 Machi

Idi imepita. Nimekula pilau na nyama, nikashiba salama. Wageni wote wameniuliza chapati zangu ziko wapi, na wote nimewajibu kwamba ziko kwa jirani. Mmoja ameniambia nimedhoofika, mwingine kwamba nimenawiri. Mizani ya duka la dawa inasema nimeongezeka kilo mbili. Nimeamini mizani.

Alhamisi, 26 Machi

Nimerudi kutoka Buganguzi nikiwa nimelowa mpaka kwenye mifupa, lakini nina furaha. Nilisikia sokoni kwamba kuna mama wa Kilutheri huko, mjane anaitwa Anatolia, bado anatengeneza unga wa ndizi wa zamani. Gari mpaka Muleba mjini, kisha pikipiki kwenye matope. Nilimkuta jikoni kwake, juu ya mafiga kuna kichanja, na juu ya kichanja vipande vya ndizi vilivyomenywa vinakauka kwa moshi. Masika jua halipo, kwa hiyo anakausha kwa moto, na baadaye anatwanga kwenye kinu.

"Kasinge waitu," akanikaribisha. Nilipomweleza shida yangu alinitazama sana. "Mwana wange, unga huu vijana wanauita unga wa njaa. Hata wakwe zangu nawaficha. Wewe unatoka mjini kuufuata?"

"Mama, njaa ninayo," nikamwambia. "Ya mkate."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Aliniwekea kilo sita, akakataa kabisa nisimwongezee chochote, kisha akanifundisha jambo ambalo nilikuwa nalitafuta bila kujua. Nilimwambia mkate wangu unapasuka kwa sababu hakuna cha kuushika. Ngano ilikuwa inajishika yenyewe. Akaenda shambani, akarudi na kiganja cha mlenda. "Huu si unanata na kuvutika? Upe na mkate." Nimekaa kwenye kiti cha pikipiki njia nzima nikijicheka, mwokaji wa miaka kumi na sita, kufundishwa kuoka na mtu asiye na tanuri.

Jumatatu, 30 Machi

Unga wa ndizi sehemu mbili, wanga wa muhogo sehemu moja, mchele sehemu moja, mlenda uliokaushwa na kusagwa kijiko kimoja, mayai, hamira. UMEUMUKA. Rangi ya kahawia, harufu ya moshi kidogo, umekatika kwa kisu bila kumeguka. Nimelia, na sioni aibu kuandika kwamba nimelia. Haruni amekula vipande vitatu na kuniomba nioke tena kesho. Bi Asha amesema anafunga sunna.

Jumamosi, 4 Aprili

Sasa stoo inaanza kuitwa stoo. Nimenunua ulezi madebe mawili na mtama mwekundu debe moja. Nimeupepeta, nikauchambua punje kwa punje juu ya ungo, siku tatu, mpaka macho yanaona ulezi hata nikifumba. Huu ni mzigo mkubwa, kinu hakiwezi, kwa hiyo nimeupeleka kwa Evarist, mwenye mashine ya kusaga.

Mashine ya Evarist ina tumbo. Kila mtu Bilele anajua kwamba anayesaga wa kwanza asubuhi hupungukiwa, kwa sababu unga wake hubaki ndani, kwenye kona za chuma na kwenye mfuko wa kitambaa, mpaka mashine ishibe. Ndiyo maana utawaona watu wamefika mapema halafu wanajifanya wanatafuta simu, ili mwingine atangulie. Evarist ananiheshimu. Alininyooshea kigoda.

"Mama Twaibu, wewe kaa. Usiwe wa kwanza, mashine itakula ulezi wako bure. Wacha watangulie hawa kina mama wa unga wa lishe. Ikishiba, nakuwekea wewe."

Nilimshukuru mara tatu. Wema kama huo hauuzwi. Nimerudi na ndoo tano za unga, nimezipanga, nimeziandika majina kwa rangi nyekundu: ULEZI, ULEZI, MTAMA, USIGUSE, USIGUSE.

Jumatano, 8 Aprili

Mkate wa ulezi na ndizi ni mtamu kuliko wa ngano. Nimesema. Atakayebisha aje.

Jumamosi, 11 Aprili

Tumbo linanguruma. Labda ni maharage.

Jumanne, 14 Aprili

Si maharage.

Alhamisi, 16 Aprili

Kidonda kimerudi chini ya ulimi. Nimekwenda chooni mara sita. Mvua haijakata siku nne, Mto Kanoni umepanda, na mimi nimelala nikisikiliza paa. Kitu kinachonitia uchungu ni kwamba sijala ngano kwa kuiba. Nafsi yangu inajua sijaiba hata tonge. Ninakula kutoka kwenye ndoo zangu tu.

Alfajiri niliamka kwenda kuswali nikamwona Bi Asha anatoka stoo. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Aliponiona aliifuta kwenye kanga, akapita bila salamu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siandiki zaidi leo.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimerudi kutoka Buganguzi. Nilikwenda Ijumaa kuchukua unga wa ndizi, mvua ikakata barabara, nikalala kwa Anatolia siku tatu. Nilikula ndizi zake, maharage yake, na uji wa unga wake wa kinu. Siku ya pili tumbo lilianza kutulia. Siku ya tatu nililala usingizi wa mtoto. Kwake nimepata nafuu. Nyumbani kwangu naugua.

Ninajua hesabu hiyo inanipeleka wapi, na ninakwenda.

Jumatano, 22 Aprili

Nimesema. Sasa niandike kama nilivyosema, bila kujipaka asali.

Nimeanza kuhara tena jana jioni, baada ya vipande viwili tu vya mkate wangu. Leo baada ya chakula cha mchana nilimngoja Bi Asha amalize kunawa.

"Mama, ulikuwa unafanya nini stoo kwangu alfajiri?"

"Kwako?" Alikaa sawa. "Ile stoo aliijenga marehemu mume wangu. Na tanuri pia."

"Sikuulizi aliyejenga. Nakuuliza ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa nafanya kazi ambayo wewe huioni."

"Umenitilia ngano kwenye unga."

Haruni alisimama. Bi Asha hakusimama. Aliniambia nirudie, nikarudia, tena polepole, neno kwa neno.

"Mwanamke wewe," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, "Twaibu alipozaliwa nilikupikia siku arobaini kwa mikono hii. Ningetaka kukuua ningesubiri miaka ishirini?"

"Hukutaka kuniua, Mama. Ulitaka nishindwe. Tanuri liende kwa Salma."

"Nuriat, nyamaza!" Haruni hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe. Sikunyamaza. Nilisema juu ya tabasamu lake la mwezi wa tatu, juu ya mwiko alioufuata jalalani, juu ya mkate aliokataa kuugusa. Nilisema anaona ugonjwa wangu ni maringo. Nilisema kila kitu, na kila neno lilikuwa limepangwa kifuani kwa wiki nzima kama ndoo zangu zilivyopangwa. Nilipomaliza nilijisikia mshindi.

Bi Asha aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na begi dogo. "Nipeleke Kishanda kwa Salma," akamwambia mwanawe. "Mimi sikai nyumba ninayoitwa mtia sumu."

Sikumzuia.

Alhamisi, 23 Aprili

Haruni hasemi nami. Anashona. Nimeweka kufuli stoo.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeoka. Nimekula. Sasa tutaona.

Jumanne, 28 Aprili

Tumbo. Vidonda viwili. Kilo moja na nusu imepotea.

Bi Asha hayupo siku ya sita. Kufuli liko mahali pake na ufunguo uko shingoni mwangu.

Nimekaa juu ya ndoo ya mtama nikiangalia zile nyingine. Kama si yeye, basi ni mimi. Au ndivyo walivyosema tangu mwanzo, si ngano, ni husuda za watu au ni mwili tu umeamua. Bado siku ishirini na saba niende Mwanza. Nimeogopa leo. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halina wa kumwambia.

Jumamosi, 2 Mei

Nimepajua. Nimepajua! Naandika nikiwa na matope miguuni.

Ulezi ulikuwa unaisha tena. Nikachambua debe lingine, nikalipeleka kwa Evarist mapema sana, sikulala vizuri. Nilikuwa peke yangu mlangoni. Nikamwambia aniwekee.

"Aa, bojo, tafadhali, Mama Twaibu," akasema, "leo mbona haraka? Kaa kwanza. Kina mama wa lishe wanakuja sasa hivi. Wakitangulia wao mashine inashiba, wewe hupotezi hata kijiko. Si ndivyo ninavyokufanyia siku zote?"

Nikakaa. Wakaja, watatu, na mifuko yao. Sijui kilichonifanya niulize. Labda ni kule kukaa bila la kufanya.

"Dada, lishe yenu mnachanganya nini?"

Mmoja akafungua mfuko, kwa fahari kabisa, akaanza kunihesabia kwa kidole. Mahindi. Soya. Karanga. Ulezi. Mchele. "Na ngano, mama. Bila ngano uji hauwi mzito."

Ngano nzima, punje zake za njano, zimetulia ndani ya mfuko.

Nilisimama kigoda kikaanguka. Nilimwomba Evarist afungue mashine. Akadhani nimechanganyikiwa, lakini akafungua. Kwenye kona za chuma palikuwa na unga wa jana umeganda kidole kizima. Akautingisha ule mfuko wa kitambaa, ukatoa wingu. Ndio huo. Kila mara mashine iliposhiba kwa ngano yao, ilitapika kwenye ulezi wangu. Tena kwa heshima. Tena nilimshukuru mara tatu, na karanga nikampelekea.

Kijana wa watu alikaribia kulia. "Mama, nilikuwa nakulinda," akasema. Nikamwambia najua. Sikuweza kumkasirikia, nilijaribu nikashindwa. Hasira yote nilikwishaitumia mahali pengine.

Jumapili, 3 Mei

Nimemwaga unga uliobaki kwenye ndoo zote tano kwa kuku wa jirani. Nilipoinua ya mwisho niliona kitu ambacho nimekipita mwezi mzima. Ndoo zote zimewekwa juu ya matofali. Mimi sikuweka matofali. Na muhogo mkavu ulioko kwenye gunia, ambao masika haya ungekuwa umeshika ukungu mweusi, ni mweupe chini mpaka juu. Mtu amekuwa akiugeuza.

Nikamwuliza Haruni. Aliendelea kushona mpaka akafika mwisho wa mshono.

"Mama alikuwa anaamka kila alfajiri," akasema. "Maji yalikuwa yanapenya chini ya mlango. Aliinua ndoo, akageuza muhogo, akachekecha unga kuona kama una wadudu. Alinikataza nisikwambie, hata siku anaondoka. Alisema ukijua utafikiri amekubali."

Hasira hasara. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la tatu.

Jumanne, 5 Mei

Kishanda. Salma alinifungulia, akanisalimu kwa ncha ya midomo, akanionyesha uani. Bi Asha alikuwa anapukuchua maharage. Nilipiga magoti kwenye udongo mbichi mbele yake.

"Inuka. Unachafua kitenge."

"Sikuja kwa ajili ya kitenge, Mama."

Nikamwambia yote. Mashine, lishe, matofali. Nikamwambia nilimwonea, mbele ya mwanawe, kwa mdomo wangu, na kwamba naomba radhi kwa mdomo huo huo. Hakuacha kupukuchua. Maharage yalikuwa yanadondoka kwenye beseni moja moja.

"Kwa hiyo ulikuwa unaumwa kweli," akasema mwishowe.

"Kweli, Mama."

"Haikuwa kunichukia tu."

Ningeweza kudanganya. "Vyote viwili," nikasema.

Akanitazama mara ya kwanza. Mdomo ulitaka kucheka, akaukataza. "Mimi nilidhani ugonjwa wako ni mimi," akasema. "Nilikupokea hujui hata kuwasha tanuri. Nikakufundisha ngano, kuikanda, kuisikiliza ikiumuka. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kukupa. Halafu unarudi kutoka Mwanza unaniambia ni sumu, unakigawa barabarani. Ungekuwa wewe ungejisikiaje?"

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo, hata siku moja katika miaka yote. Nililia pale pale kwenye maharage. Yeye hakulia. Alisema kama nina nguvu ya kulia nina nguvu ya kupukuchua, akanisukumia beseni.

Tumerudi pamoja. Lakini kwa shauri lake, si langu: alisema hawezi kuniacha niende kwenye mashine peke yangu, nitadanganywa.

Jumamosi, 9 Mei

Tumefika kwa Evarist kabla hajafungua. Haruni ameshona mfuko mpya wa kitambaa, imara, wenye kamba. Evarist amefungua mashine, amesugua kona zote kwa brashi, amefuta. Kisha tukaweka debe moja la muhogo wa kulipia njia, ili mashine ile huo kwanza, na unga wake tukawaachia kuku wa Evarist. Ndipo ulezi.

Sasa mimi ni wa kwanza, kwa kutaka. Foleni ikajaa. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Mgonjwa gani huyu anayetaka mashine nzima?"

Bi Asha alikuwa amekalia kigoda katikati ya mlango, mwamvuli mapajani. "Huyu hapa," akasema. "Mkwe wangu. Una swali lingine?"

Yule mama akarudi nyuma na mfuko wake.

Jumatano, 13 Mei

Tumbo limetulia siku nne. Mvua imepungua. Bi Asha ameonja mkate wa ulezi. Amesema chumvi imezidi.

Jumatatu, 18 Mei

Stoo: ulezi ndoo tatu, mtama mbili, unga wa ndizi wa Anatolia mbili, mchele moja, wanga wa muhogo moja, mlenda mkavu chupa nne, karanga, njugu mawe. Bi Asha amehamisha kila kitu nilichopanga. Tumegombana saa nzima. Mpango wake ni mzuri zaidi na sitamwambia.

Jumatatu, 25 Mei

Tumefika Mwanza jana kwa basi, mimi na Bi Asha. Haruni alitaka kuja, mama yake akamwambia abaki na cherehani. Nilikuwa na ufunguo wa stoo mkobani, tayari kwa Salma, maana kiapo ni kiapo. Wiki tatu tu safi kati ya majuma yote yale.

Daktari ni binti, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Akafungua majibu. Januari kipimo kilikuwa mia mbili na kumi na tano. Leo ni themanini na nane. Inatakiwa kiwe chini ya kumi, akasema, kwa hiyo safari ni ndefu, labda mwaka, lakini kimeshuka vizuri sana. Nikamwomba arudie neno "kimeshuka". Akarudia. Bi Asha alinifinya paja kwa nguvu, mpaka sasa pana alama.

Kisha akatupatia karatasi. Ni mpya, akasema, sasa wanampa kila mgonjwa wa siliaki. Nikaisoma yote. Usile ngano, shayiri. Unaweza kula mchele, mahindi, ulezi, mtama, muhogo, ndizi. Nunua nafaka, saga unga wako mwenyewe. Basi, ikaishia hapo.

"Daktari," nikasema, "hapa pamepungua neno. Waandikie wamwulize mwenye mashine amesaga nini kabla yao. Na wasiogope kuwa wa kwanza."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia, akasema ni jambo la maana sana na atalifikisha kwa wenzake karatasi itakapochapwa tena.

"Itachapwa lini?"

Hakujua. Akaanza kufunga faili. Nje palikuwa na mwanamume ameketi na mkewe, mkewe amekonda kama nilivyokuwa mimi, wanasubiri kuingia. Mimi sikuinuka. Nilikwishafungua mdomo, lakini Bi Asha akaniwahi.

"Binti yangu," akamwambia daktari, kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata, "mimi nimeitwa mtia sumu ndani ya nyumba yangu kwa sababu ya neno ambalo halikuandikwa hapo. Nimefungasha nguo uzeeni. Andika."

Daktari akamtazama. Akachukua kalamu, akaandika chini ya karatasi yangu.

"Soma tusikie."

"Uliza mashine imesaga nini kabla yako. Isafishwe. Saga wa kwanza."

"Vizuri." Bi Asha akanyoosha mkono juu ya meza, akalivuta lile rundo la karatasi lililokuwa kando ya kompyuta. Zilikuwa kama hamsini. Akaligawa kwa macho, nusu akamsogezea daktari, nusu akanisogezea mimi.

"Mna kalamu mbili?" akauliza.